Jinsi ya kupima bwawa lako kabla ya kuagiza nailoni ya umbo

Kila mwaka vuli ikikaribia natumiwa picha za aina moja. Shimo limechimbwa vizuri, nailoni ya kutandika ndani ili maji yasinywewe na udongo imefika kutoka kiwandani, na haikai. Nyingine imewambwa juu ya shimo kama ngozi ya ngoma, haigusi sakafu. Nyingine imejaa mikunjo mpaka chini kama suruali ya kaka mkubwa. Mwenye bwawa anauliza kama kiwanda kimempunja. Nikimwomba anitumie vipimo alivyopeleka, karibu kila mara nakuta namba tatu tu: urefu, upana, kina.

Namba tatu zinatosha kwa sanduku. Bwawa la udongo si sanduku, kuta zake zimelala.

Nailoni za bwawa ziko za namna mbili. Bapa ni kama kanga: humfaa mnene na mwembamba, kinachozidi unakunja. Ya umbo hukatwa vipande kiwandani, vipande vikachomelewa kwa joto, ikafika kwako tayari ina sakafu, kuta nne na kona. Hiyo ni suruali ya fundi cherehani. Haina mikunjo ya kufichia tope na kinyesi cha samaki, kuvua na kuosha bwawa ni rahisi, lakini haisamehi kosa la kipimo. Mwongozo huu ni wa hiyo ya pili.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: bwawa la uani la sato na la kumwagilia mboga, mita 10 kwa 6 juu, kina mita 1.5, kuta zimelala kwa uwiano wa moja kwa moja. Maana yake kila ukishuka mita 1, ukuta unaingia ndani mita 1. Kwa hiyo sakafu ni mita 7 kwa 3.

Vifaa

- Futi kamba ya mita 30, ile isiyovutika. Kenya wengi huiita tepu. Futi fupi ya chuma ya mita 5 iwe pembeni kwa vipimo vidogo.
- Kamba ya fundi, mita 60 hivi. Usitumie kamba ya nailoni ya kuanikia nguo. Ukiivuta inarefuka, ukiiachia inarudi.
- Vigingi 12 vya mti mgumu au vipande vya nondo, na nyundo.
- Mpira wa maji unaoonyesha ndani, mita 15, kwa ajili ya kusawazisha.
- Timazi. Kama huna, jiwe zito lililofungwa kwenye kamba linatosha.
- Jivu au chokaa ya kuwekea alama.
- Daftari na penseli. Wino wa kalamu huyeyuka mkono ukiwa na maji, nawe utakuwa na mikono yenye maji.
- Mtu wa pili. Peke yako utapima, lakini utapima vibaya.

Tenga asubuhi moja nzima. Kazi yenyewe haifiki saa tatu. Muda uliobaki ni wa kurudia pale namba zitakapogombana, na zitagombana.

Hatua ya 1: Maliza shimo kwanza

Usipime shimo ambalo bado linachimbwa, wala lililonyeshewa mvua likaachwa. Tope la sentimita 15 sakafuni linakudanganya kina kwa sentimita 15, na ukija kulitoa baada ya kuagiza, nailoni inabaki fupi. Nailoni fupi ndiyo kosa baya kuliko yote. Ikizidi, utaikunja na kununa. Ikipungua, maji yataivuta: kila mita moja ya ujazo ni tani nzima, na bwawa la mfano wetu likijazwa hadi sentimita 30 chini ya ukingo linabeba takriban tani 42. Mzigo huo ukikalia nailoni isiyogusa udongo, mshono wa kona ndio unaoachia kwanza.

Toa mizizi, mawe na vigae. Pita kwa miguu mitupu, taratibu. Unyayo unaona kisichoonekana kwa macho. Ukiwa pwani kwenye mawe ya matumbawe, au penye changarawe kali, utahitaji tandiko chini ya nailoni: kapeti kuukuu, mifuko ya sandarusi iliyopasuliwa, au kitambaa maalumu. Tandiko likiwa jembamba kama mfuko, lisahau. Likizidi unene wa sentimita 1, litandike kwanza halafu ndipo upime, kwa sababu limepunguza shimo kila upande.

Udongo mweusi wa mbuga una tabia yake. Kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono, mvua ikinyesha huvimba. Jaza nyufa kwa udongo uleule, lowesha, shindilia, acha siku chache, kisha pima.

Umefaulu ikiwa: unaweza kuburuta gunia tupu kutoka ukingo mmoja, kushuka, kuvuka sakafu na kupanda upande wa pili, bila kunasa popote.

Hatua ya 2: Sawazisha ukingo

Maji hayajali uwanja wako umeinama kiasi gani. Yenyewe hulala sawa. Kona moja ikiwa chini kwa sentimita 8 kuliko nyingine, bwawa litamwagikia huko huku upande wa pili nailoni ikibaki inaota jua. Tena, usipokuwa na mstari mmoja ulio sawa, kina chako kitapimwa kutoka wapi?

Jaza mpira maji, ukiacha kama sentimita 30 tupu kila ncha. Tia chai ya rangi iliyopoa ili usomeke vizuri. Inua ncha zote mbili pamoja, ukague urefu wote kama kuna mapovu. Povu moja tu katikati linaharibu usomaji. Piga kigingi kila kona, nje kidogo ya ukingo. Mmoja ashike ncha kwenye kigingi cha kwanza penye alama, mwingine apeleke ncha ya pili kwenye kigingi kingine. Subiri maji yatulie, weka alama. Rudia kona zote nne, kisha rudi kwenye kigingi cha kwanza.

Angalizo: watu wengi huziba ncha kwa kidole gumba ili maji yasimwagike wakati wa kutembea, kisha husahau kukitoa. Ncha zote mbili lazima ziwe wazi wakati wa kusoma.

Funga kamba kuzunguka vigingi kwenye alama hizo. Pale udongo ulipo juu ya kamba, chonga. Ulipo chini, jaza na kushindilia. Jaza kwa udongo wenye unyevu, tabaka jembamba jembamba. Udongo mkavu uliorundikwa utakaa vizuri siku ya kupima na kuporomoka siku ya kutandika.

Umefaulu ikiwa: ukirudi kigingi cha kwanza, alama mpya na ya zamani hazipishani zaidi ya sentimita 1.

Hatua ya 3: Ukingo uko wapi hasa?

Swali linaonekana la kijinga hadi uwaambie watu wawili waoneshe kwa kidole. Ukingo wa bwawa la udongo hukanyagwa, unakuwa mviringo, na kila mpimaji anachagua pake. Nimeona watu wawili wakipishana sentimita 20 kwenye shimo moja, wote wakiwa waaminifu.

Dawa yake ni kamba. Vuta kamba nne kama fundi anavyofunga za msingi wa nyumba, zikikatana kwenye kona, pale ambapo ukuta uliolala unakutana na usawa wa juu. Kuanzia sasa kamba ndiyo ukingo, na udongo utaufuata kwa jembe la mkono. Sakafuni fanya vivyo hivyo: vigingi vinne vifupi, kamba nne, kwenye mguu wa ukuta.

Halafu hakikisha pembe ziko skwea. Pima kona kwa kona, mara mbili, kwa msalaba. Juu, mita 10 kwa 6 inapaswa kutoa mita 11.66 pande zote mbili. Sakafu ya 7 kwa 3 inatoa mita 7.62. Vipimo viwili vya msalaba vikilingana na pande zinazotazamana zikilingana, umbo ni mstatili kweli. Vikipishana, bwawa limekaa mshazari kama mlango uliochoka, hata kama urefu na upana vinasema kila kitu kiko sawa.

Kukipishana hadi sentimita 3, rekebisha udongo kidogo uendelee. Zaidi ya hapo una mambo mawili: uchonge upya, au upeleke vipimo vyote viwili vya msalaba ili kiwanda kikate kwa umbo hilohilo. Ninapendekeza uchonge. Jembe ni rahisi kuliko kueleza.

Umefaulu ikiwa: vipimo viwili vya msalaba wa juu vinalingana, na viwili vya msalaba wa sakafuni vinalingana, ndani ya sentimita 3.

Hatua ya 4: Urefu na upana, juu na chini

Hii ni hatua fupi. Pima urefu sehemu tatu: kila ncha na katikati. Pima upana vivyo hivyo. Fanya juu, halafu sakafuni. Jumla ni vipimo 12, na vyote viandikwe jinsi vilivyo. Usichukue wastani. Ukiniambia 10.00, 10.04, 9.98 naelewa ukuta umetuna wapi. Ukiniambia "kama mita kumi" sielewi chochote.

Futi kamba ivutwe kwa nguvu ileile kila mara, isilegee katikati. Na angalia ncha: baadhi huanzia sifuri kwenye pete, nyingine sentimita kadhaa baada ya pete.

Hatua ya 5: Kina, kwa timazi

Kina ni umbali wa wima kutoka usawa wa kamba ya juu hadi sakafuni. Si urefu wa ukuta. Narudia kwa sababu mimi mwenyewe niliangukia hapo.

Bwawa langu la kwanza nilipima kwa kulaza futi ukutani, kutoka ukingo hadi mguu, nikapata mita 2.12, nikaandika "kina 2.12". Kiwanda kikafanya hesabu yake kwa uaminifu: kina 2.12, mteremko moja kwa moja, basi kuta zina urefu wa mita 3 na sakafu ni 5.76 kwa 1.76. Ikaja nailoni yenye sakafu ndogo na kuta ndefu. Miguu ya kuta ilibaki hewani, mishono ikakaa mahali si pake, na mikunjo ikashuka kila kona. Mama mmoja jirani alisimama ukingoni akatazama muda mrefu, kisha akaniambia: "Mwanangu, hili gauni ni la mtoto wa mwenzako." Sikuwa na jibu.

Fanya hivi. Vuta kamba kuvuka bwawa juu, kutoka alama ya usawa hadi alama ya usawa. Shusha timazi hadi iguse sakafu, shika kamba ya timazi kwa vidole pale inapokatana na kamba ya juu, itoe, pima kwa futi ya chuma. Rudia sehemu tisa: tatu kwa tatu, kwenye ncha na katikati.

Sakafu inaweza kuwa na mwinamo wa makusudi kuelekea bomba la kutolea maji. Sawa, ila uandike kina cha kila upande. "Kina 1.5" wakati upande mmoja ni 1.45 na mwingine 1.60 ni taarifa ya uongo.

Umefaulu ikiwa: vipimo vya mstari mmoja vinakaribiana ndani ya sentimita 2, au vinapungua kwa mpangilio kufuata mwinamo uliokusudia.

Hatua ya 6: Mteremko na kona

Ukiwa na muda wa kurudia hatua moja tu, rudia hii. Hapa ndipo namba zinajisaili zenyewe.

Laza futi kamba juu ya udongo wa ukuta, kutoka kamba ya juu hadi kamba ya sakafuni, kwa mstari ulionyooka kushuka. Iguse udongo njia nzima. Pima sehemu tatu kila ukuta mrefu, mbili kila ukuta mfupi. Sasa linganisha na hesabu. Kina 1.5, ukuta umeingia ndani 1.5. Kwenye kikokotoo cha simu: 1.5 mara 1.5, jumlisha 1.5 mara 1.5, ni 4.5, kipeuo cha pili chake ni 2.12. Futi ikisoma 2.12 au 2.13, ukuta umenyooka. Ikisoma 2.20, ukuta una tumbo au una shimo, na udongo unafuata njia ndefu kuliko nailoni itakayokatwa. Jaza bonde au chonga kinundu, pima tena.

Kisha shuka konani. Laza futi kutoka kona ya juu hadi kona ya sakafu, palepale mshono utakapopita. Kwa mfano wetu inapaswa kuwa mita 2.60. Kipimo hiki watu wachache sana hukipeleka, na ndicho kinachoonyesha kama kona zimechongwa kweli au zimeachwa na udongo wa koleo uliojikunja. Kona moja ikisoma 2.45 na tatu zikisoma 2.60, iko kona moja yenye udongo mwingi. Nenda ukaitazame.

Kona za udongo laini hazipendi kuwa kali. Ukitaka zilainishwe, ziwe zote na mviringo sawa, useme kabisa kwenye mchoro. Kona tatu kali na moja mviringo ni kazi ya siku ambayo fundi alichoka.

Kama udongo wako ni wa kichanga unaoteleza, ukuta wa moja kwa moja hautasimama hata mpaka nailoni ifike. Ulaze zaidi, uingie ndani mita 2 kwa kila mita 1 ya kina, na uanze hesabu upya. Usibane pesa hapa.

Umefaulu ikiwa: futi iliyolazwa na kikokotoo vinapishana chini ya sentimita 3 kwenye kila ukuta, na kona nne zinasoma sawa.

Hatua ya 7: Ziada ya kufukia ukingoni

Nailoni lazima ishikwe juu, vinginevyo itateleza yote ndani siku maji yanapoingia. Njia ya kawaida ni mtaro mdogo kuzunguka bwawa. Nailoni inatoka ukingoni, inalala bapa sentimita 30, inashuka mtaroni sentimita 30, inalala chini ya mtaro sentimita 30, kisha inafukiwa. Jumla sentimita 90 kila upande.

Chimba mtaro kabla ya kuagiza, si baada. Nimeona bwawa lililopakana na ukuta wa jirani kwa sentimita 50. Mtaro haukuwa na pa kukaa, na ziada iliyoagizwa ikakatwa kwa kisu na kutupwa. Kama upande mmoja hauna nafasi, sema upande huo una ziada ya kiasi gani.

Hatua ya 8: Mabomba na vidato

Kila bomba linalopenya nailoni linahitaji mkono, kama mkono wa shati, uliochomelewa mahali pake. Kiwanda kitataka kujua vitu vitatu: liko ukuta gani, liko umbali gani kutoka kona mbili za karibu, na kipenyo cha nje ni kipi. Kipenyo cha nje upime mwenyewe. Bomba la maji taka linaloitwa la inchi 4 dukani lina kipenyo cha nje cha milimita 110, si 100.

Ushauri wangu, usioombwa: kama unaweza kutoa maji kwa pampu au kwa mpira wa kunyonya, usitoboe nailoni kabisa.

Vidato vya kuwekea vyungu vya yungiyungi au mimea mingine hupimwa kimoja kimoja: upana wa kukanyagia, kimo cha kushuka, urefu wake ukutani. Kidato kimoja kinatosha. Vitatu vinaongeza mishono, na bei hupanda pamoja na mishono.

Bwawa lisilo na pembe

Wengi huchimba umbo la figo au la yai bustanini kwa sababu linapendeza. Linapendeza kweli. Kulipima ni kazi nyingine.

Piga vigingi viwili, A na B, upande mmoja wa bwawa, umbali unaoujua. Tuseme mita 6.00. Weka alama za jivu ukingoni, moja kila sentimita 50 penye mpindo na kila mita 1 paliponyooka. Zipe namba kwa kuzunguka. Kwa kila alama pima mara mbili: kutoka A na kutoka B. Alama ya 1, kwa mfano: kutoka A 2.35, kutoka B 4.80. Namba hizo mbili zinaifunga alama mahali pamoja tu, na mtu aliye mji mwingine anaweza kuichora karatasini kwa bikari. Rudia kwa ukingo wa sakafu ukitumia A na B zilezile. Huko chini usilaze futi ukutani: shusha timazi kutoka kamba iliyovutwa juu, upime kwa usawa hadi kwenye kamba hiyo.

Mwisho chagua jozi tano za alama zinazotazamana, pima umbali kati yao moja kwa moja kuvuka bwawa. Hizi si za kuchorea, ni za kukamata makosa. Mchoro ukikamilika, jozi hizo zikipimwa juu yake lazima zitoe namba ulizoandika.

Baada ya kueleza hayo yote: kama bwawa lako lina mipindo zaidi ya miwili, nunua bapa. Kwa bapa laza kamba juu ya udongo kutoka ukingo hadi ukingo, ikishuka na kupanda, mahali parefu kuliko pote; kisha mahali papana kuliko pote; ongeza ziada ya mtaro kila upande. Mikunjo itakuwepo, na yungiyungi zikimea hutaiona.

Hatua ya 9: Mchoro

Tuma michoro miwili ya mkono, si ujumbe wa maneno. Wa kwanza unaonyesha bwawa kutoka juu: mstatili wa nje, mstatili wa ndani, msalaba, mabomba, na alama ya upande wa barabara au nyumba ili kona zisije zikageuzwa. Zipe kona majina A, B, C, D, na uandike majina hayohayo kwenye vigingi. Wa pili unaonyesha bwawa likiwa limekatwa katikati kama mkate: kina, mteremko, mtaro.

Juu kabisa andika kwa herufi kubwa: VIPIMO VYA SHIMO TUPU. SIJAONGEZA KITU. Halafu taja ziada ya mtaro peke yake. Bila maneno hayo kuna hatari mbili: wewe unaongeza sentimita kumi za usalama, wao wanaongeza zao, mnapata suruali ya kaka, au kila mmoja anadhani mwenzake ameongeza.

Waulize pia wanaacha nafasi kiasi gani kwa ajili ya joto. Nailoni nyeusi ya polithini hurefuka juani na kusinyaa usiku: kipande cha mita 10, joto likibadilika nyuzi 30, hubadilika takriban sentimita 4 hadi 6. Jibu likiwa "hakuna haja", tafuta kiwanda kingine.

Hatua ya 10: Piga hesabu ya eneo kabla ya kulipa

Bei hutajwa kwa mita ya mraba, kwa hiyo ujue zako. Kwa mfano wetu:

- Sakafu: 7 mara 3, ni 21.
- Kuta mbili ndefu: 10 jumlisha 7, gawa kwa 2, mara 2.12, ni 18.02 kila moja. Mbili ni 36.04.
- Kuta mbili fupi: 6 jumlisha 3, gawa kwa 2, mara 2.12, ni 9.54 kila moja. Mbili ni 19.08.
- Ziada ya ukingoni: 11.8 mara 7.8, toa 60, ni 32.04.

Jumla ni mita za mraba 108 na kidogo. Kiwanda kitaongeza za mishono, ni haki yao.

Bwawa hilohilo kwa nailoni bapa ni 13.04 kwa 9.04, karibu mita za mraba 118. Na ile kanuni ya mtaani, urefu wa juu jumlisha kina mara mbili jumlisha ziada, inakupa 14.8 kwa 10.8, karibu 160. Kanuni hiyo haitakuacha na nailoni fupi kwenye bapa, lakini utalipia mita za mraba 42 za kufunikia kuni.

Unene nao unaingia hapa. Nusu milimita ina uzito wa karibu gramu 470 kwa mita ya mraba, kwa hiyo mzigo wako utakuwa kilo 50 na ushei. Ukiagiza ya milimita 1, ni zaidi ya kilo 100. Mzigo wa milimita 1 ukifika na kilo 60 mizani, huhitaji kuufungua ili ujue.

Hatua ya 11: Ikifika, pima tena

Shimo limekaa wiki kadhaa likikusubiri. Rudia msalaba wa juu, kina sehemu tatu na kona nne. Dakika ishirini. Kama ukuta umeporomoka, chonga leo, kabla nailoni haijafunguliwa.

Fungua nailoni pembeni, penye nyasi, pasipo mawe. Pima sakafu yake kwanza: mshono hadi mshono, 7 kwa 3, pamoja na ziada ya joto waliyokutajia. Ikiwa pungufu, piga picha futi ikiwa juu yake, usiitandike. Nailoni iliyokwishaingia shimoni na kupakwa tope hakuna atakayeipokea.

Tandika asubuhi mapema, watu wanne, miguu mitupu, kila mmoja na kona yake yenye jina. Asubuhi nailoni imesinyaa. Ikikaa vizuri na ulegevu kidogo saa hiyo, mchana itatulia. Ukiinyoosha ikawambika saa saba mchana, usiku itajivuta na kuinuka kwenye mguu wa ukuta. Anza kujaza maji polepole huku mtaro ukiwa haujafukiwa, ili nailoni ijivute yenyewe mahali pake. Maji yakifika sentimita 30, zunguka ukibonyeza mguu wa kila ukuta kwa kiganja. Usikie udongo nyuma yake, usisikie hewa. Ndipo ufukie mtaro.

Na kabla maji hayajazidi magoti, funga kamba nene yenye mafundo kwenye kona mbili, ifike mpaka sakafuni, na uzungushie uzio. Ukuta wa nailoni uliolowa unateleza kama samaki, na mtoto au mbuzi akitumbukia hana pa kushika.